Vidole Vinavyosoma: Mwongozo kwa Mwandikishaji wa Vitambulisho Mkoani Tanga

Umekabidhiwa kisanduku chenye kompyuta, kamera na mashine ya alama za vidole, ukaambiwa uende ofisi ya mtaa au ya kijiji ukaandikishe watu. Iwe ni kitambulisho cha Taifa chini ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) au daftari la wapiga kura, mbinu za kuchukua vidole ni zile zile. Mafunzo mengi humaliza muda kwenye programu, bonyeza hapa, hifadhi pale, na mikono ya watu inapewa dakika chache za mwisho, watu wanaangalia saa ya chakula. Alama mbovu uliyoichukua leo Pongwe haitakusumbua wewe. Itamsumbua mama wa watu miaka kadhaa baadaye, amesimama kwa wakala wa laini za simu, anaambiwa mbele ya foleni nzima kwamba vidole vyake havisomi.

Mara nyingi vidole vyake havina kasoro yoyote. Aliyemwandikisha alikuwa na haraka.

Hatua ya kwanza: elewa mashine inatafuta nini

Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba yanayopita kwa mistari. Kwa watu wengi mistari hiyo hupinda ikarudi ilikotoka, kwa wengine huzunguka duara, na kwa wachache hupanda na kushuka kama tao. Umbo hilo la jumla halimtambulishi mtu, kwa sababu mamilioni wanalo. Kinachomtambulisha ni vituo vidogo: pale mstari unapokatika, na pale unapogawanyika kuwa miwili. Programu hurekodi mahali pa kila kituo na upande unakoelekea. Mistari hiyo huumbika mtoto akiwa tumboni, na mpangilio wake haubadiliki maisha yote isipokuwa kovu lipenye hadi ngozi ya ndani. Hata mapacha wa kufanana wanatofautiana hapo.

Ujuzi wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta. Ofisi ya alama za vidole ilianzishwa Kolkata, India, mwaka 1897, wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Utaratibu wa kuzipanga ulipewa jina la ofisa wa polisi, Edward Henry, ingawa wasaidizi wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi. Polisi wa London waliuchukua mwaka 1901. Wakati huo mtu alikaa na lenzi ya mkononi akifungua madroo ya kadi.

Leo mashine ina kazi mbili, na ukizichanganya hutaelewa kwa nini unaambiwa uchukue vidole vyote kumi. Ya kwanza ni kuthibitisha: mtu anataja namba yake, anaweka kidole kimoja, mfumo unalinganisha kidole hicho na kumbukumbu ya namba hiyo tu. Ya pili ni kutafuta waliojiandikisha mara mbili: kila anayeingia hulinganishwa na wote waliomo. Piga hesabu. Tuseme daftari lina watu milioni 20, na mashine hukosea mara moja tu katika kila ulinganisho milioni 1. Ukiingiza kidole kimoja, utaletewa watu 20 wasiohusika, na kila mmoja wao ni kesi ya kuamuliwa na ofisa. Ukiingiza vidole kumi safi, makosa hayo karibu yanakwisha. Ukiingiza vidole kumi ambavyo vinne ni ukungu mtupu, umepoteza sehemu ya kinga hiyo.

Ndiyo maana India, walipoanza kutoa namba za utambulisho ziitwazo Aadhaar mwaka 2010, walichukua vidole kumi, mboni zote mbili za macho na picha ya uso. Kwa daftari la watu zaidi ya bilioni moja, vidole peke yake waliona havitoshi.

Hatua ya pili: panga siku kwa kazi za watu

Hapa ndipo Tanga inapotofautiana na mwongozo uliochapwa makao makuu. Kabla ya kubandika tangazo ukutani, muulize mwenyekiti wa kijiji watu wake wanaishi kwa kazi gani, kwa sababu kazi huandikwa kwenye ncha za vidole.

Vijiji vya mwani, upande wa Mkinga na Pangani, kina mama huingia baharini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, vijikamba vyembamba, kwa saa nyingi, mikono ndani ya maji ya chumvi. Ukienda siku hizo utapata vidole vilivyokunjamana na kulika nchani. Nenda wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, ngozi zikiwa zimepumzika siku kadhaa. Wavuvi wa dagaa nao wana kalenda yao: giza ndilo la kuvulia kwa taa, mbalamwezi ikikomaa wanapumzika na kushona nyavu. Kwa bahati mbaya mbalamwezi kamili ni bamvua pia, kwa hiyo siku nzuri ya mume ni siku mbaya ya mke. Mimi hupendekeza kijiji cha pwani kipewe awamu mbili fupi badala ya moja ndefu. Wakubwa watalalamika juu ya mafuta ya gari. Waache walalamike, kumrudia mtu mmoja mmoja baadaye ni ghali zaidi.

Mashamba ya mkonge ni habari nyingine. Utomvu wa mkonge unawasha na kuchubua ngozi, miiba inachana, na mpini wa kisu unaotesha sugu. Mwangalie mkata mkonge kiganja: kidole cha shahada na cha kati cha mkono unaoshika jani mara nyingi vimejaa mikwaruzo ya kukatiza mistari, huku cha pete na cha mwisho vikiwa salama kabisa. Walioko korona, kwenye mashine ya kusindika, huwa na ngozi iliyolowa na kulainika. Kwa wachomaji chokaa wa Amboni hali ni mbaya kuliko wote. Chokaa hunyonya unyevu na kula matuta mpaka ncha ya kidole inang'aa kama kioo.

Habari njema ni kwamba matuta yaliyosuguliwa juu juu huota tena kwa mpangilio ule ule, kwa sababu chanzo chake kiko ngozi ya ndani. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, na hata wiki mbili za kupumzika zinaonekana kwenye mashine. Kwa hiyo tangazo lako litoke mapema na liseme wazi: wapasua mawe, wachoma chokaa na wakata mkonge wapake mafuta ya nazi kila usiku kuanzia sasa, na anayeweza avae glavu. Maneno hayo hayagharimu kitu, lakini ni nadra kuyaona kwenye tangazo.

Hatua ya tatu: kaa mahali sahihi

Kijijini watakukaribisha chini ya mwembe, na kweli kuna upepo. Usikubali kabla ya kutazama jua. Mashine nyingi za vidole hufanya kazi kwa mwanga wake wenyewe chini ya kioo. Jua likipenya kwenye majani na kupiga kioo, picha inaingia madoa. Kaa ndani, au geuza meza mgongo uelekee mwanga.

Meza iwe chini ya kiwiko cha anayesimama, ili mkono ulale wenyewe. Meza ndefu humfanya bibi anyooshe vidole kwa ncha tu, na wewe unahitaji sehemu ya katikati ya pingili ya juu, pale mistari inapozunguka. Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu baada ya kila watu wachache. Jasho la aliyetangulia hubaki na mistari yake, na mashine inaweza kuisoma pamoja na ya anayefuata. Katika joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, futa baada ya kila mtu.

Hatua ya nne: mkono wa mtu ni wa mtu

Salimia kwanza. Kwa mzee, "Shikamoo", subiri "Marahaba", kisha, "Naomba mkono wa kulia, bibi, nitaushika kidogo." Kumshika mtu mkono bila kumwambia, na hasa mwanamke wa makamo, kutakuharibia mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Wapo wanaotaka kushikwa na mwanamke mwenzao, na wapo wavaa nikabu ambao uso wao utapigwa picha. Timu isiwe ya wanaume watupu, na pawe na pazia. Ushungi haumzuii mtu kupigwa picha, mradi uso wote unaonekana. Mpangie mwenye nikabu ahudumiwe na mwandikishaji wa kike upande wa pazia, bila mjadala.

Bibi harusi mwenye hina mpya asifukuzwe. Hina iliyokwisha kukauka na kuoshwa kwa kawaida haizuii. Piko nzito iliyoganda nchani ndiyo inayofunika matuta. Huyo mwambie arudi ikipauka, na umwandikie tarehe.

Ukiona mzee anasita, usimcheke. Kenya ya ukoloni Waafrika walivalishwa shingoni kipande, hati ya kazi yenye alama za vidole, tangu miaka ya 1920, na hapa Tanga kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi kwenye mkonge. Watu waliwekwa kidole kwenye karatasi za wenye mashamba bila kujua zimesema nini. Mweleze taarifa zake zinakwenda wapi.

Hatua ya tano: chukua vidole

Kama mashine yako ni kubwa, utaratibu ni vinne vya kulia pamoja, vinne vya kushoto pamoja, kisha gumba mbili kwa pamoja. Kama ni ya kidole kimoja kimoja, taja kwa sauti kila kidole kabla hakijawekwa: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kosa ambalo hutokea sana alasiri, watu wakichoka, ni kushoto kuingizwa mahali pa kulia. Programu nyingine hulitambua, nyingine hunyamaza. Likipita, mtu huyo atakataliwa kila atakapoweka shahada ya kulia, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kidole kilale bapa, kisisimame. Kikavu kibonyezwe kidogo, chenye jasho kiguse tu, maana ukikandamiza kidole chenye unyevu mistari inagusana na picha inakuwa doa jeusi. Picha nzuri unaitambua kwa macho: mistari ya kijivu iliyokolea, na nafasi nyeupe kati yake zinaonekana. Ikiwa nyeupe iliyokatikakatika, kidole kikavu. Ikiwa nyeusi tii, kimelowa.

Kwa kikavu, mwambie asugue viganja, au apulizie pumzi ya joto nchani. Ikishindikana, tone moja la mafuta ya nazi, lipakwe lote, kisha lifutwe kwa kitambaa mpaka vidole visitelezeshe. Tone moja. Nimeona kina dada wakitoka na mikono inayong'aa kama ya mkaanga mihogo, na kioo kikabaki na ukungu kwa watu kumi waliofuata. Kwa aliyelowa, kitambaa kikavu, au pamba yenye spiriti. Kwa aliyekunjamana kwa maji ya bahari, mpe kiti na mazungumzo, nusu saa hadi saa moja ngozi inarudi.

Mashine itakupa alama ya ubora. Hapa pana mtego: kipimo cha zamani kinachotumika sana kinakwenda 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Kipimo kipya kinakwenda 0 hadi 100, na kubwa ndiyo bora. Uliza mapema mashine yako inatumia kipi. Ubora ukiwa hafifu rudia, badilisha mbinu kati ya jaribio na jaribio, na uhifadhi picha iliyo bora kuliko zote, hata kama ni ya jaribio la kwanza. Kurudia bila kubadili chochote ni kupoteza muda na kumchosha mtu.

Mwisho mwambie vidole vyake vilivyotoka vizuri zaidi. "Baba, kidole chako ni cha pete cha kushoto, kikumbuke." India walifika hatua ya kuweka huduma maalumu ya kumtafutia mtu kidole chake bora. Sisi tunaweza kumwambia mtu palepale, na tukamwandikia nyuma ya risiti.

Hatua ya sita: wasio na vidole vya kawaida

Aliyekatwa kidole, weka alama kwenye programu kwamba hakipo moja kwa moja. Aliyefungwa bandeji, weka kwamba hakipatikani kwa muda, na umwalike arudi. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu wa pili anaweza kuongezewa vidole baadaye. Mwenye vidole sita, chukua gumba na vinne vinavyofuata, cha ziada kiache na uandike maelezo. Kuna wanaopoteza mistari kwa dawa za saratani, hasa capecitabine, inayoweza kuchubua viganja. Wazee sana, ngozi imelegea na matuta yamelala. Vuta ngozi taratibu kwa nyuma ya kidole iwe tambarare.

Na kuna watakaoshindikana kabisa. Hao waandikishwe kwa njia ya mfumo ya waliokosa alama, kwa picha ya uso, nyaraka na uthibitisho wa msimamizi. Asirudishwe mtu nyumbani bila risiti eti kwa sababu mashine imegoma. Haki yake ya kutambuliwa haitoki kwenye ngozi yake.

Jambo moja lisifanyike hata ukiwa na foleni inayofika barabarani: kujaza nafasi kwa kidole chako au cha jirani. Ukifanya hivyo kwa watu watano, mfumo utakapowalinganisha utawaona wote watano kama mtu mmoja anayedanganya. Watazuiliwa wote, na wewe utapatikana, kwa sababu kidole kile kina mwenyewe na jina lako liko kwenye kila rekodi.

Hatua ya saba: kidole hakisemi uraia

Hili linachanganywa sana Tanga. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, na kwenye mashamba ya mkonge wamo wajukuu wa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, Burundi, Msumbiji na mikoa ya ndani. Vijiji vya karibu na Horohoro vina ndugu pande zote mbili za mpaka wa Kenya. Alama za vidole zinasema tu kama huyu wa leo ni yule wa jana. Kuhusu uraia zinasema sifuri. Hiyo ni kazi ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, nyaraka za wazazi na fomu iliyogongwa muhuri na ofisi ya mtaa, na maofisa wenye mamlaka ya kuamua. Mwandikishaji anayemwuliza mtu maswali ya kabila huku ameshika mkono wake amevuka mpaka wa kazi yake.

Unapojaza fomu, hakiki tarehe ya kuzaliwa mara mbili na umsomee mwenyewe kwa sauti. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukikosea hapo, kosa limeingia ndani ya namba yenyewe.

Hatua ya nane: linda ulichokusanya

Nywila ikiibiwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa lugha ya kazini maana yake ni hii: hakuna kunakili kwenye flashi, hakuna kupiga fomu picha na kutuma WhatsApp "ili wakuu waone maendeleo", hakuna kuacha kompyuta wazi ukienda kula. Kama hakuna mtandao, rekodi zibaki zimefungwa ndani ya kisanduku mpaka utakapozipakia, na ukishapakia hakikisha idadi iliyofika inalingana na idadi ya risiti ulizotoa.

Hatua ya tisa: mwambie mtu atakachokutana nacho baadaye

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya Januari 20, 2020, kidole kimekuwa kitu cha kutolewa kila siku, tena barabarani, kwa wakala mwenye mwavuli. Kwa hiyo kabla mtu hajainuka kwenye kiti chako, mwambie haya. Ukikataliwa kidole kimoja, omba kujaribu kingine, kuanzia kile kilichoandikwa nyuma ya risiti. Nawa mikono na uikaushe kabla. Wakala akikutaka uweke kidole tena na tena akidai kimegoma, muulize kila mara inayosajiliwa ni namba gani, kwa sababu matapeli huitumia mbinu hiyo kusajili laini nyingine kwa jina lako. Ukifika nyumbani piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua iripoti kwa kampuni ya simu hiyo.

Na vidole vikikataa kila mahali, vyote, huenda tatizo liko kwenye kumbukumbu ya siku ya kwanza. Aende ofisi ya NIDA ya wilaya na namba yake, aombe alama zichukuliwe upya, baada ya wiki mbili za mafuta ya nazi na bila kugusa chokaa.